Kompaila Niliyoipeleka Yangambi

...na mstari huo umeshapita, umepanda juu ya skrini ukatoweka kama wenzake, lakini nimeuona, siwezi kujidanganya kwamba sikuuona, ulikuwa wa nne au wa tano tangu mwanzo wa ujenzi huu mpya wa kompaila, pale programu ya maandalizi inapojiuliza yenyewe iko juu ya mashine ya aina gani, na ikajijibu yenyewe bila kuniuliza mimi, ikaandika jina la prosesa ya kompyuta hii iliyo mbele yangu, hii mpya, iliyoletwa na mradi mwaka juzi ikiwa bado na plastiki yake, haikuandika mashine yoyote ile, haikuandika mashine kuukuu, imeandika hii hii, na mwezi wa nane, nilipoijenga ile ya kupeleka Yangambi, lazima iliandika hivyo hivyo, nami nilikuwa nimeinuka kwenda kununua kwanga, mkate wetu wa muhogo, au nilikuwa nimekaa hapa hapa nikitazama bila kusoma, maana nani anasoma mistari elfu moja ya natafuta hiki, kipo, natafuta kile, hakipo... Papa Ruphin yuko dirishani na simu sikioni, amenipa mgongo, anasema, Non, non, écoute, Adeline, uyu mutu alifungula mashini bila autorisation, hapo haiko discussion, na mgongo wake mpana wa mkuu wa ofisi unacheka kidogo, mtu akiwa na haki hata mgongo wake unajua, na huyo mutu ni Landry, fundi wa kituo chetu kidogo cha kupima mvua karibu na Yangambi, na barua anayochapa Adeline kule direksheni ni ya kumfukuza kazi, itaondoka kesho na baleinière, boti ya mbao ya asubuhi, na mimi nimekaa hapa na jina la prosesa yangu machoni, nimelijua jambo hili kwa dakika tatu tu na tayari natamani nisingelijua.

Tulia, Fanny, fikiri, labda si hilo, labda ni kitu kingine, joto, umeme wa jua unaoruka, ule ukuukuu wa mashine yenyewe... lakini hapana, ni hilo, najua ni hilo jinsi mtu anavyojua ameacha chakula motoni, kwa sababu zile maktaba za kompaila ni tatu, GMP, MPFR, MPC, majina utadhani vyama vya siasa vinavyotafuta kura sokoni, kumbe ni vifurushi vya mahesabu tu, vilivyoandikwa na watu ambao sitawaona maishani, na kompaila haijengwi bila hivyo, kazi ya kompaila ni kuchukua maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa, na ili igeuze zile tarakimu ndefu za mvua bila kukosea inahitaji wa kuihesabia, na hiyo GMP, ya kwanza kati ya tatu, ina tabia moja, isipoambiwa neno inanusa prosesa iliyo chini yake na kujijenga kwa kipimo cha prosesa hiyo, inachagua amri zake za kasi zaidi, za kisasa zaidi, na ukiipeleka kwenye mashine ya zamani isiyozijua amri hizo, inakufa papo hapo, na skrini inaandika Instruction non permise, amri hairuhusiwi, maneno matatu ya Kifaransa, nami niliyaona kwa macho yangu asubuhi ile pale kituoni, watu sita nyuma yangu, na sikufikiri hata kidogo kwamba yananihusu. Niligeuka nikamtazama Landry. Hilo ndilo nililofanya kwanza, kabla hata ya kusoma mara ya pili, niligeuka nikamtazama Landry, nikamwambia, Uligusa nini?... Oui, oui, weka pale "faute lourde", anasema Papa Ruphin, faute lourde, kosa zito, ndio... na Landry alinitazama, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, mikono mikubwa ya kuvuta nyavu ambayo kwa namna fulani inaweza kushika skrubu ndogo kuliko chawa, akasema taratibu, akiniita Ya kama dada yake mkubwa, akitabasamu ili nisiaibike mbele za watu, Ya Fanny, mashini iko muzima, ona, vitu vingine vyote vinatembea, hii mashini iko muzee, pengine ulimupatia chakula ya bavijana, na watu wakacheka, na mimi nikachukia, nikamwambia kwa Kifaransa, mbele ya watu wale sita, kila mtu akae kwenye kazi yake, nilimwambia hivyo, mimi mwenye diploma mbili, na yeye katika sentensi moja ya mzaha alikuwa ameshataja ugonjwa, dawa, na jina la aliyeuleta.

Na kiburi changu chote kilikuwa kwenye hizo maktaba, ndilo linalonichoma, kwa sababu safari ya kwanza, mwezi wa sita, nilipeleka kompaila ya kuazima, ile inayotegemea kuzikuta maktaba kwenye mashine inakofika, ikafika kule ikalia kwamba maktaba haipo, nikarudi mtoni siku nzima nimekalia gunia la mahindi la mtu, Papa Ruphin akasema, Bon, inatokea, kwa sauti ile ya kusema haijawahi kumtokea yeye, basi nikaapa kwamba safari ya pili haitaomba mtu kitu, nikaandika --disable-shared, nikazijenga zote tatu ziwe tuli, nikazishindilia ndani ya tumbo la kompaila yenyewe, iende na chumvi yake, na sufuria yake, na kuni zake, isimbishie mtu mlango, kama mimi mwenyewe tangu Yannick wangu alipokwenda Kinshasa wiki mbili ambazo sasa ni miaka minne, sikumwomba mtu, sikumlilia mtu, na nilijisifu, nilimweleza hata yule mama jirani yangu kwenye baleinière, nikamwambia mama, mimi nimebeba kila kitu ndani, akanijibu, Na Mungu akubariki, mwanangu, akidhani nasema habari za begi. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi yangu alikuwa akisema hivyo kwa kila jambo mpaka tukamchoka, na kumbe mimi nilikipakia mwenyewe, nikakifunga vizuri, nikakisafirisha kilomita mia moja na nikakidaia makofi... na kilipata makofi, hilo ndilo lililotupoteza wote, jioni ile ya kufika niliijaribu na programu fupi ya kusalimu tu, Bonjour Yangambi, haina hesabu yoyote, na ikafanya kazi, bila shaka ingefanya kazi, haikuigusa GMP pale panapouma, Landry akapiga makofi, mkewe Exaucée akaleta liboke, samaki wa kupikwa ndani ya majani, na pondu, kisamvu chetu, wakanipa chumba chao wao wakalala sebuleni, na asubuhi tulipoweka programu ya kweli, ile ya mvua, ikafa, na kati ya jioni na asubuhi kitu kimoja tu kilikuwa kimetokea, Landry alikuwa ameifungua mashine kuondoa vumbi. Mtu yeyote angesema ni vumbi. Mtu yeyote.

Mtu yeyote, ndiyo, ila mtu yeyote hakuwa pale, mimi nilikuwa pale... Papa Ruphin anasema, Attends, attends, Adeline, soma tena ile paragrafe ya pili, na kutoka kwenye simu inatoka sauti nyembamba ya Adeline isiyo na maneno... nilikuwa pale, jua halijazama bado, Landry alisema, Ya Fanny, mavumbi imejaa umu, nipige pompi kidogo? na alikuwa tayari ameshika pompi ya baisikeli, alikuwa anauliza, alikuwa anamwuliza nani kama si mimi, na nilisema, Fanya haraka basi, samaki inapoa, na kwa kuwa kona ya ndani ilikuwa giza nikamwashia tochi ya simu yangu, nikamshikia, dakika kumi mkono wangu uliuma nikaubadilisha, nikamwambia pale, na pale, umeacha pale... na kwenye ripoti niliandika kwamba fundi alifungua mashine jioni ya tarehe kumi na nne. Sikuandika uongo. Fundi alifungua mashine. Tochi haikuulizwa, tochi si kifaa cha kituo, simu ni yangu, nilijiambia hivyo, mtu hujiambia mengi akiwa na kalamu mkononi na mkuu wake akisema, Andika yenye uliona, Fanny, yenye uliona tu, haiko mengi, na nilipoandika nilijua kinachofuata, sisi wote tunakijua, kinachofuata ni demande d'explication, karatasi yenye mhuri, masaa arobaini na nane ya kujieleza kwa maandishi, na mtu aliyepewa karatasi hiyo ameshahukumiwa, anaombwa tu achangie maneno, nimewaona wazee wenye mvi wakizunguka nayo wakitafuta mtoto wa jirani mwenye Kifaransa kizuri awaandikie.

Landry alijiandikia mwenyewe. Jibu lake liko kwenye folda ya kijani pale kwenye kabati, nimelisoma, nililisoma wiki iliyopita Papa Ruphin alipokwenda kusali, mistari minane, herufi za shule ya misheni, amesema ndiyo alifungua mashine, kwa nia njema, kuondoa vumbi, na alikuwa peke yake. Peke yake. Niliposoma neno hilo nilifanya nini, sema ukweli angalau humu ndani ambamo hakuna anayesikia, nilipumua. Nilipumua nikarudisha karatasi kwenye folda nikaweka sawa kona zake, na baadaye nikaenda nikamkasirikia, ndiyo, yeye, mchana kutwa, nikamwona mjinga, anajifanya nani huyu, nani alimwomba anifunike, anadhani mimi ni mgeni wake mpaka leo, bado nimelala kitandani kwake, na bado ninamkasirikia hata sasa hivi, kwa sababu kama angeandika Ya Fanny alinishikia tochi, ningekana kidogo, tungegombana, ingekuwa vita ya haki, lakini amenipa nafasi ya kunyamaza nami nikaitumia yote, sikubakiza hata tone... Papa Ruphin anasema, Eh, mwenyewe aliandika, Adeline, alikubali na mukono yake, tunatafuta nini tena? na anacheka, na mimi sina hata ruhusa ya kumchukia kwa kicheko hicho, anacheka kwa karatasi nilizompa.

Na ona jinsi ilivyo rahisi, hilo ndilo baya kuliko yote, naweza kusimamisha ujenzi huu sasa hivi, vidole viwili, nikaanza upya na kuongeza neno moja kwenye GMP, --enable-fat, yaani ijengwe nene, ibebe amri za prosesa zote, za wazee na za vijana, ichague ikifika, neno moja lililokuwa kwenye maelekezo siku zote, ukurasa ule ule nilioupita mbio, na kesho kutwa nikapanda baleinière, nikaiweka, ikafanya kazi, na Papa Ruphin atasema, Si uliona? Tulipoondoa uyu mutu, mashini ikapona, na ataandika hivyo kwenye ripoti yake, na wiki ijayo jina langu litasainiwa kuwa mkuu wa chumba cha kompyuta, hakuna mtu katika jimbo zima la Tshopo atakayejua kusoma mstari wa nne, na Landry atarudi Yanonge kwa nyavu za baba yake, si kifo, watu wanaishi, samaki wapo, na mimi nitampitia, nikishuka na baleinière nitasimama Yanonge, nitamletea Exaucée liputa nzuri, kitenge cha wax chenye ndege, anapenda kijani, na mchele kidogo, na sukari... subiri. Subiri kwanza. Nimeshachagua rangi. Mtu hajapokea barua, barua haijatoka kwenye printa, na mimi nimeshachagua rangi ya kitambaa cha mke wake, na nilikuwa najisikia vizuri, hilo ndilo linaloniogopesha, kwa sekunde chache nilikuwa najiona mwenye moyo, namwona Exaucée akiifungua, akisema, Ya Fanny, ulijisumbua bure, akanikaribisha ndani, akanipikia tena. Tunajua kupeleka mchele, sisi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na baadaye tunamletea nguruwe bandeji tukisubiri ashukuru.

Mistari inaendelea, natafuta hiki, kipo, natafuta kile, kipo, haitaki neno la mtu, imeshaamua iko kwenye mashine gani na kila jibu baada ya hapo linafuata lile la kwanza, na kuna faili inayoandika yote haya, kila ujenzi unaacha faili yake, juu kabisa kuna amri niliyoandika kwa mikono yangu, neno kwa neno, na tarehe, na chini yake jina la prosesa, na ile ya mwezi wa nane sikuifuta, iko humu, nimeifungua kwenye dirisha la pili bila hata kujua nimeifungua lini, tarehe tisa mwezi wa nane, saa tano kasoro robo, amri yangu, --disable-shared ipo, neno lile lingine halipo, jina la prosesa ni lile lile, na kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta, kimekaa hapo kwa muda gani sijui, kidole kinajua njia kuliko mimi... na siogopi kazi, nadhani, cheo kile naweza kukikosa, nilikula kabla yake, na Papa Ruphin atapiga kelele siku tatu kisha atasema, Bon, inatokea, ninachoogopa ni kidogo zaidi na kibaya zaidi, ninaogopa kusema alikuwa sawa, ya kwamba yule kijana wa pompi ya baisikeli alisikiliza mashine akaisikia, na mimi niliyeijenga sikuisikia kwa sababu nilikuwa na uhakika, kwamba kila nilichokiita kazi safi kilikuwa ni kukataa kuuliza, kule kuna mashine ya namna gani, swali moja, kwa simu, angenijibu kwa furaha, angenisomea na nambari iliyoandikwa mgongoni mwa mashine, sikumpigia. Sikutaka kumwomba mtu kitu.

Papa Ruphin ameshusha simu, hajaikata, ameifunika kwa kiganja na kunigeukia, ana uso wa mtu anayetaka kumaliza jambo kabla ya chakula, anasema, Fanny, Adeline anauliza kwa ajili ya barua, ile siku ulimuona na macho yako akifungula mashini? na swali ni jepesi, jibu lake ni ndiyo, nilimwona, hakuna mahakama duniani itakayosema nimedanganya, nimeshalisema mara tatu, kwa mdomo, kwa ripoti, kwa saini, na kila mara lilikuwa kweli na kila mara lilimsukuma Landry hatua moja kuelekea mtoni, Papa Ruphin anangoja, nyusi zake zimepanda, sauti ya Adeline inauliza kitu ndani ya kiganja, mistari inapanda, na ule uhakika wangu nauhisi ukitoka kwangu polepole, si kwa uzuri, unatoka kama jino, Fanny? anasema, uko nasikia? nasikia, nimesikia, kidole nimekiondoa kwenye kitufe, faili ya mwezi wa nane iko wazi mbele yangu na kwa mara ya kwanza tangu Yangambi sitafuti neno la kunitoa, natafuta tu nianzie wapi, kwenye prosesa au kwenye tochi, na nadhani ni kwenye tochi, kwa sababu ya prosesa atasema sielewi, lakini mkono ulioshika tochi kila mtu anaelewa, Papa Ruphin, nitasema, sogea uone, kiganja chake bado kiko juu ya simu, sijafungua mdomo bado, Papa Ruphin, hakuwa peke yake.